Kisiwa cha Malaika Mikaeli, cha Ufaransa au cha Uingereza? Ulinganisho kwa familia yenye siku moja

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga kiangazi kimoja, na watoto wakashikilia kuwa bibi lazima apelekwe kwenye "kile kisiwa chenye kanisa juu ya mwamba". Kwa siku mbili tulipanga safari mezani bila kugundua kwamba tunazungumzia visiwa viwili. Mke wangu alikuwa na Ufaransa kichwani, mimi nilikuwa na Uingereza, na watoto walikuwa na aiskrimu.

Kuchanganya kwetu kuna sababu. Mont-Saint-Michel, pale Normandy inapopakana na Brittany huko Ufaransa, na St Michael's Mount, kwenye ncha ya Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza, ni kama mama na binti. Kila kimoja ni mwamba uliochomoza baharini karibu na pwani, kila kimoja kina jengo la watawa kileleni, na vyote vina jina la Malaika Mikaeli, ambaye Waislamu tunamwita Mikaili. Undugu wenyewe una hati: katika karne ya 11 mfalme Edward the Confessor aliwapa watawa Wabenediktini wa Mont-Saint-Michel mwamba ule wa Cornwall, na kwa zaidi ya miaka mia tatu kule Uingereza pakawa tawi la kule Ufaransa, mpaka vita vya falme hizo mbili vikakata uhusiano mwanzoni mwa karne ya 15.

Tumeshafika kote kuwili, kwa nyakati tofauti na watoto wakiwa na umri tofauti. Ninaandika kwa familia iliyo likizo karibu na kimojawapo, au inayoamua likizo iende upande gani, na ina siku moja tu ya kisiwa pamoja na mji wake wa ufukweni. Upande wa Ufaransa mji wangu ni Saint-Malo, upande wa Uingereza ni Marazion na jirani yake Penzance.

Kwanza pasipoti

Hili waandishi wa utalii hawaligusi kwa sababu haliwahusu. Ukiishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, kibali chako cha ukaazi hakikuvushi kwenda Ufaransa, unatakiwa uwe na visa ya Schengen. Anayeishi Paris au Brussels kwa pasipoti hizo naye ataomba visa ya Uingereza. Bibi alikuwa na visa ya matembezi ya Uingereza peke yake, kwa hiyo mjadala wa mezani kwetu ulifia hapo, na mke wangu alinuna mpaka jioni. Kama nyote mnavuka mpaka bila shida, basi chaguo ni lenu kweli.

Maji ndiyo yanayoamua

Mgeni wa bara huuliza kisiwa kinafunguliwa saa ngapi. Mtu wa pwani huuliza mwezi una siku ngapi, na hapa ndipo tulipo na faida ambayo hatukuilipia. Bamvua na maji mafu ni yale yale tunayoyajua: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na katikati yake yanatulia. Tofauti ni kipimo. Kwetu Tanga, bamvua kubwa haliachani na kupwa kwake hata mita 5. Cornwall ni karibu mita 5. Kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel, siku za bamvua kubwa tofauti hukaribia mita 14. Ni kama ghorofa nne za maji kuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Katika Ulaya ni pwani chache sana zinazofikia hapo.

Lakini ajabu ni kwamba kisiwa chenye maji makali zaidi ndicho kisichokusumbua kufika. Mwaka 1879 Wafaransa walijenga tuta la kudumu mpaka kisiwani, likazuia mkondo, na ghuba ikaanza kujaa tope. Baadaye wakaliondoa: lango la maji kwenye mto Couesnon lilianza kazi mwaka 2009, linazuia maji na kuyaachia yasukume tope kurudi baharini, na mwaka 2014 likafunguliwa daraja jembamba lililosimama kwa miguu yake. Kwa hiyo unavuka saa yoyote. Ni siku chache tu za bamvua kubwa kabisa ambapo kipande cha mwisho cha njia, kwenye lango la kisiwa, humezwa na maji kwa muda mfupi, na walio ndani hubaki ndani.

Hapo pana mtego wa matarajio. Wafaransa huyapa maji ya kila siku namba, kutoka kama 20 mpaka 120, na kisiwa huzungukwa kweli na bahari pale tu namba inapopanda hadi karibu 110. Siku nyingine, na ndizo nyingi, utakuta mchanga na tope mpaka upeo wa macho, na mtoto uliyemwahidi kisiwa atakuuliza bahari imekwenda wapi. Wangu aliuliza. Kama picha ya maji pande zote ndiyo inayokupeleka, tafuta ratiba ya maji kabla ya kukata tiketi ya treni, na ujue kwamba kule bamvua hujaa asubuhi na jioni, mnamo saa mbili au tatu, kamwe si mchana. Fika kama saa mbili kabla ya kujaa kwenyewe, panda kwenye kuta za ngome, uyaone yanavyoingia. Wenyeji wana msemo kwamba maji hayo huja kwa mbio za farasi. Wametia chumvi, lakini binadamu aliyekwama topeni hayashindi.

Na kukwama kupo. Mchanga wa ghuba hiyo hudidimiza mtu mpaka magotini na zaidi. Kuna matembezi mazuri sana ya kuvuka ghuba kwa miguu mitupu kutokea upande wa Genêts, kilomita kadhaa za mchanga, tope na vijito, na kwa kijana wa miaka 12 hakuna zawadi inayozidi hiyo. Ila ni kwa mwongozaji mwenye leseni tu. Usijiamini kwa sababu uliokota chaza Sahare, pwani ya Tanga, ukiwa mdogo.

Cornwall ni kinyume. Hakuna daraja. Kutoka ufuko wa Marazion kuna njia ya mawe iliyopangwa juu ya mchanga, mwendo wa dakika kumi hivi, inayofunuka kwa karibu saa nne kila maji yanapopwa. Nje ya saa hizo unapanda boti, na boti nazo hutegemea upepo. Ratiba ya njia hutolewa mapema kwa kila siku, iangalie kabla hujaondoka nyumbani. Kanuni ya haraka kwa anayejua mwezi: siku za bamvua, maji ya pale hupwa mnamo saa sita mchana, kwa hiyo familia inakwenda na kurudi kwa miguu bila papara. Siku za maji mafu, mchana ndiyo yamejaa, na ni boti kwenda na boti kurudi. Mimi ningetafuta siku ya katikati, niende kwa mguu na nirudi kwa boti, kwa sababu watoto wanataka vyote viwili na wakikosa kimoja watakikumbuka miaka kumi.

Siku yetu tulichelewa kwa kosa langu: niliangalia ratiba ya siku iliyofuata. Tulipofika ufukweni watu walikuwa bado wanatembea juu ya mawe, nami nikasema twende upesi. Bibi alisimama, akatazama mstari wa povu kando ya mawe, akatulia kidogo.

"Baba Zuhura, haya maji yanarudi."

"Mama, mbona watu bado wanapita?"

"Hao wanatoka. Wewe unaingia."

Dakika ishirini baadaye mawe ya katikati yalikuwa chini ya maji, na vijana wawili walikuwa wanarudi na viatu mkononi, suruali zimelowa mpaka mapajani. Sisi tulikuwa kwenye foleni ya boti. Sikusemwa neno, lakini mke wangu alinitazama.

Kwa kuwa tumo kwenye maji: kilomita chache kutoka hapo, kwenye bandari ya wavuvi ya Newlyn, kuna kituo kilichopima kupwa na kujaa kwa miaka sita, 1915 hadi 1921, na wastani wake ndio Waingereza wanaoutumia mpaka leo kama usawa wa bahari. Kila mlima wa Uingereza unaopewa urefu kwenye ramani umepimwa kuanzia kwenye kile kigati. Sijui kwa nini hili linanifurahisha kiasi hiki, lakini niliwaonyesha watoto na hawakujali.

Ngazi na magoti

Mont-Saint-Michel ina takriban ngazi 350 kufika kwenye abasia, yaani makao ya watawa yaliyo kileleni, na ukishaingia kuna nyingine za kupanda na kushuka. Kigari cha mtoto ni mzigo tu, kiache kwenye gari, funga mtoto mbeleko. Barabara kuu ya kijiji, Grande Rue, ni kichochoro chenye maduka ya vikumbusho pande zote, na mchana wa kiangazi ni kama kupita sokoni siku ya mkesha wa Idi, isipokuwa hakuna anayekuuzia kitu cha maana. Ujanja ni kupinda mapema baada ya lango na kupanda kwa njia ya kuta za ngome. Ngazi ni zile zile kwa wingi, lakini una upepo, una ghuba yote chini yako, na kuna pa kusimama bila kusukumwa. Mtu mwenye goti bovu atafika kwa shida, na huenda akaishia kukaa mkahawani kijijini, mahali ghali pa kusubiria.

Kule Cornwall mwamba ni mdogo, njia ni fupi, ila ni ya mawe ya mviringo na ina mwinuko mkali. Kigari nako hakifai. Faida ni kwamba asiyepanda hakosi siku: chini kuna bandari ndogo, nyasi, mabenchi, na nyumba za watu wanaoishi humo mpaka leo. Nusu ya njia kuna kisima ambacho hadithi inasema ndimo lilimozama zimwi Cormoran. Zimwi hilo lilikuwa likivuka kwenda bara kuiba ng'ombe na kondoo mpaka kijana aitwaye Jack akalichimbia shimo usiku na kuliamsha kwa baragumu asubuhi. Juu kidogo, katikati ya mawe ya njia, kuna jiwe moja lenye umbo la moyo, watoto huambiwa ndio moyo wa zimwi na wakilikanyaga watausikia unadunda. Bibi alifika hapo, akakaa, akawaambia wajukuu habari za zimwi la kwao ambalo halikufa kirahisi namna hiyo. Tulimwacha na wawili wadogo, wakakataa kuendelea kupanda.

Abasia yenyewe

Hapa hakuna mashindano, na itakuwa uongo kujifanya yapo. Unayetaka kuona abasia, nenda Ufaransa.

Simulizi inasema mwaka 708 Aubert, askofu wa Avranches, alitokewa na malaika usingizini akaambiwa ajenge pale mwambani. Alipuuza mara mbili, na mara ya tatu malaika akamgusa kichwani kwa kidole. Fuvu lenye tundu huonyeshwa mpaka leo katika kanisa la Saint-Gervais mjini Avranches. Wabenediktini walifika mwaka 966, na kuanzia mwaka 1023 ukaanza ujenzi wa kanisa kubwa kwenye ncha ya mwamba. Fikiria tatizo la fundi: kilele ni chembamba kuliko kanisa. Walichofanya ni kujenga vyumba vya chini ya ardhi kuzunguka ncha, vyenye nguzo nene kama mibuyu, ili kanisa likae juu yake kama sinia juu ya kata. Sehemu ya kuabudia ya mbele iliporomoka mwaka 1421, ikajengwa upya kwa zaidi ya miaka sabini, na nguzo zilizo chini yake sasa mtu mmoja hawezi kuzikumbatia.

Upande wa kaskazini kuna majengo ya karne ya 13 yanayoitwa La Merveille, yaani Ajabu: ghorofa tatu, chini walipokelewa maskini, katikati wageni wenye vyeo, juu watawa walikula kimyakimya na kusali. Mpangilio wa jamii nzima umejengwa kwa mawe, na ukimweleza mtoto hivyo ataelewa upesi kuliko kitabu cha historia. Juu kabisa kuna ua wenye baraza za nguzo nyembamba mbili mbili zisizokaa sambamba, bahari iko chini na bustani iko angani. Ni mahali pekee kisiwani ambapo watoto wangu walinyamaza bila kuambiwa.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa watawa walifukuzwa na jengo likawa jela mpaka mwaka 1863. Kumbukumbu kubwa ya jela hiyo ni gurudumu la mbao lililowekwa mnamo 1820, refu kuliko mtu kwa mara kadhaa: wafungwa waliingia ndani yake na kutembea, likazunguka, likavuta mizigo kwenye reli ya mawe kutoka chini. Mwanangu wa kiume alisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Nacho kisiwa cha Cornwall kina jibu lake: mnamo 1900 wachimba migodi walitoboa njia ya reli ndani ya mwamba kutoka bandarini mpaka kwenye ngome, na mizigo ya jikoni bado inapanda kwa njia hiyo. Ni tatizo moja lenye majibu mawili, na ukiwa umeona kote unapata la kuwasimulia kwenye treni.

St Michael's Mount kwa ndani ni nyumba ya watu. Kanisa la watawa la karne ya 12 lilianguka katika tetemeko la ardhi la mwaka 1275 na likajengwa tena, ni dogo, la utulivu, na bado lina ibada. Lakini sehemu kubwa unayotembelea ni ngome iliyogeuzwa makazi. Ukoo wa St Aubyn uliinunua mwaka 1659, mwaka 1954 wakaikabidhi kwa shirika la hifadhi la National Trust, wakabaki na haki ya kuishi humo kwa miaka 999. Kuna silaha, ramani, na kisiwa kizima kilichochongwa kwa vizibo vya chupa na mtumishi wa nyumba, kitu ambacho watoto hukipenda kuliko michoro yote ya mababu. Saa moja na nusu inatosha. Mont-Saint-Michel inataka saa mbili ndani ya abasia tu, na ukimpitisha haraka mtu mzima mwenye hamu utakuwa umemdhulumu.

Neno kwa familia za Kikatoliki, hasa waliokulia Peramiho, Ndanda au Hanga, wanaojua abasia ya Kibenediktini ni kengele, karakana, hospitali na watawa wanaotembea kwa miguu kwenda shambani: msitarajie hayo. Tangu mwaka 2001 Mont-Saint-Michel ina jumuiya ndogo ya watawa wa kiume na wa kike wa udugu wa Yerusalemu, na misa yao katika lile kanisa tupu la mawe ni nzuri sana. Hata hivyo mwenye nyumba pale ni mtalii.

Kimoja Cornwall inashinda, nacho ni bustani. Mkondo wa bahari huiletea pwani ile majira ya baridi yasiyo makali, na kwenye miteremko chini ya ngome wamepanda mishubiri na mikonge ya kila namna. Bustani ina siku zake na tiketi yake, kwa hiyo angalia kabla. Bibi aliipiga picha ile mikonge kama mtu aliyekutana na jamaa zake uwanja wa ndege.

Miji ya ufukweni

Kutoka Mont-Saint-Michel mpaka Saint-Malo ni kama kilomita 55, saa moja kwa gari. Ni mji unaostahili siku yake, na hilo ndilo kosa ninaloliona familia nyingi zikilifanya, kuupa saa moja ya mwisho. Mji wa kale umezungushiwa ukuta, na unaweza kuuzunguka juu ya ukuta huo, karibu kilomita 2, bahari mkono mmoja na mapaa mkono mwingine, bila gari hata moja. Agosti 1944 sehemu kubwa yake iliteketea vitani, na unachokiona kimejengwa upya kwa mawe kwa namna ambayo usipoambiwa hujui. Maji yakipwa unatembea kwenda kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka 1848. Chini ya ukuta, kwenye ufuko wa Bon-Secours, kuna bwawa la bahari lenye mnara wa kurukia: maji yakijaa linapotea, ukaona mnara tu umesimama baharini, na yakipwa linabaki limejaa. Watoto wataogelea humo wakati bahari yenyewe imekwenda mbali.

Saint-Malo inatuhusu zaidi ya inavyojitangaza. Mahé de La Bourdonnais, ambaye kisiwa kikuu cha Shelisheli kina jina lake, alizaliwa hapo mwaka 1699, na alipokuwa gavana wa Morisi na Réunion aliviinua visiwa hivyo kwa jasho la watumwa wa Madagaska na Msumbiji. Surcouf, mharamia mwenye leseni ya serikali ambaye sanamu yake inanyoosha kidole baharini pale ukutani, naye alifanya biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Zile nyumba ndefu za mawe za wamiliki wa meli hazikusimama kwa samaki peke yake. Binti yangu wa miaka 14 aliuliza kidole cha sanamu kinaelekea wapi, na tuliongea hilo mpaka tukamaliza kuuzunguka ukuta.

Marazion ni kijiji kilichojinyoosha: barabara moja, maduka machache, ufuko mrefu wa mchanga wenye kisiwa mbele yake kama pambo. Hakuna cha kutazama zaidi ya hapo, na kwa mtoto wa miaka 5 hakuna kinachohitajika zaidi ya hapo. Penzance iko kama kilomita 5, kwa basi au kwa njia tambarare ya miguu kando ya bahari. Ni mji wa kawaida wenye watu wanaoishi maisha yao, wenye Jubilee Pool, bwawa la pembe tatu la maji ya bahari lililofunguliwa mwaka 1935. Tangu mwaka 2020 sehemu yake inapashwa kwa joto la ardhini. Maji ya Cornwall hata Agosti ni baridi kwa damu yetu, kwa hiyo sehemu hiyo ya moto iwekee nafasi mapema, ndiyo itakayoiokoa jioni yako.

Tumbo na mfuko

Kwa wasiokula nguruwe: ile chapati nyembamba nyeusi ya Brittany, galette, ukiiagiza "complète" ina nyama ya nguruwe ndani. Omba ya yai na jibini. Kinywaji kinachoandamana nayo kwenye bakuli ni cidre, na kina kilevi hata kama kinafanana na juisi ya tofaa. Omleti maarufu ya Mont-Saint-Michel ni povu la mayai kwa bei ya mbuzi. Cornwall kuna pasty, binamu mnene wa sambusa, ya nyama ya ng'ombe, viazi na vitunguu, ambayo si ya halali mpaka uambiwe, ila ya jibini na vitunguu hupatikana karibu kila duka. Sisi tunabeba pilau, na sijutii.

Mont-Saint-Michel kijiji ni bure kuingia, basi la kutoka kwenye maegesho mpaka kisiwani ni bure, maegesho ni ya kulipia, na walio chini ya miaka 18 hawalipi abasia. Kwa familia ya watoto wanne hiyo ni nafuu kubwa. Cornwall unalipia ngome, bustani na boti kila kimoja peke yake, ila wanachama wa National Trust hawalipi ngome. Tiketi kata mtandaoni, na kwa desturi ngome hufungwa Jumamosi.

Siku yenyewe

Ufaransa, ningeamkia Saint-Malo, nizunguke ukuta asubuhi, nile mchana hapo, kisha niondoke saa nane kuelekea kisiwani. Mabasi ya watalii huanza kuondoka alasiri, na jua la kiangazi halitui mpaka karibu saa nne usiku. Hakikisha tu saa ya mwisho ya kuingia abasia. Wanaotoka Paris bila gari watachukua treni ya kasi mpaka Rennes, saa moja na nusu, kisha basi la zaidi ya saa moja. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja, lakini mji wa ufukweni utaukosa, na mtoto wa miaka 4 atakulipisha njiani.

Cornwall ratiba huipangi wewe, huipanga bahari. Fika ufukweni mapema, vuka njia inapofunuka, kisha rudi ucheze mchangani na umalizie Penzance. Kutoka London treni inachukua kama saa tano, kwa hiyo ni siku moja kwa aliyelala karibu tu.

Wenye watoto chini ya miaka 8 nawapeleka Cornwall bila kusita, na wenye mzee asiyepanda ngazi vilevile. Wenye vijana, wapenda historia na majengo, na mtu yeyote anayeweza kuamka siku ya bamvua, waende Ufaransa. Familia mchanganyiko kama yangu iangalie pasipoti, kisha iangalie magoti.

Bibi ameanza kukusanya karatasi za Schengen. Bamvua kubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana, na mke wangu ameshaandika tarehe za Septemba kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu nyekundu, ili safari hii asiziangalie mtu mwingine.